Kabla ya Jumanne

SEHEMU YA KWANZA

Msomaji, umewahi kukuta kigingi kimepigwa katikati ya miwa yako na mtu usiyemjua?

Nyar Karungu alikikuta. Alhamisi, saa nne asubuhi, shambani kwake Awendo, kaunti ya Migori.

Wapimaji walikuwa wawili, wana kamba ndefu na kopo la rangi nyekundu. Wa tatu alisimama kando na viatu vyake safi, mikono mfukoni. Mama akawasalimu wote, kama alivyolelewa, ndipo akauliza: "Wanangu, mnampimia nani?"

"Mimi, mama," akajibu yule wa viatu safi. "Hili shamba nimelinunua."

Amelinunua? Kwa nani, na mwenyewe amesimama hapa?

Tulia. Nitakwambia. Ila kwanza ujue kilichokuwa ndani ya sanduku.

Ekari nne zile si za ukoo. Mumewe alizinunua kwa jasho lake, akapanda miwa ya kupeleka kiwanda cha sukari cha Sony. Boma lao liko Ndhiwa, upande wa Homa Bay. Mzee alifariki mwaka jana bila kuacha wosia. Hati ya shamba ilikaa ndani ya sanduku la chuma, chini ya kitanda.

Matanga yalipokwisha, sanduku lilikuwepo. Kufuli lilikuwepo. Hati haikuwepo.

"Nimeihifadhi, shemeji," ndugu ya marehemu alimwambia. "Wewe lea watoto."

Naye akalea watoto. Mwalimu wa chekechea, mjane, watoto watatu wote wanasoma. Angeanzaje kumshuku mtu aliyebeba jeneza la mumewe begani?

"Shemeji yako ndiye msimamizi wa mirathi," mnunuzi akaendelea, sauti tulivu kabisa. "Karatasi za korti anazo. Jumanne saa tatu korti ya Migori inathibitisha, nami namalizia deni langu."

Jumanne!

Hesabu nami. Ijumaa moja. Wikendi, korti imefungwa. Jumatatu moja. Basi.

Mmoja wa wapimaji alikunja kamba akipita karibu na mama. Hakumtazama usoni. Alinong'ona maneno mawili tu: "Tafuta wakili."

Mama huyu hajawahi kukanyaga ofisi ya wakili maishani mwake. Ungekuwa wewe, ungeanzia wapi?

KIJANA WA FAILI LA BLUU

Alianzia Homa Bay, mji anaoujua.

Ijumaa, saa mbili kamili, amefika nje ya korti, mkoba kwapani. Ndani ya mkoba: kitambulisho, cheti cha ndoa, cheti cha kifo cha mumewe, na daftari lake la darasani. Daftari lile lishike akilini. Litatusaidia mbele.

Hakukaa dakika tano.

"Mama yangu, una kesi?"

Kijana. Suti nyeusi, faili la bluu, tabasamu la mtu wa nyumbani. Alimwita mama yangu mara tatu kabla hawajavuka barabara. Wakaingia kibanda cha chai. Akaagiza chai mbili na mandazi, akalipa yeye mwenyewe.

Ni nani angemwogopa mtu aliyemlipia chai?

Alimsikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akapiga simu. "Wakili, nina mama hapa, kesi ya urithi, ni ya haraka." Akamkabidhi mama simu. Sauti nzito ikamwambia asiwe na wasiwasi, kesi hiyo ni nyepesi.

"Nipe vyeti nikavitoe nakala," kijana akasema. Mama akampa.

Sasa sikia masharti. Elfu kumi na tano za kufungua faili, zitumwe kwa simu, kwa namba ya kijana. "Zaidi ya hapo hulipi shilingi, mama yangu. Ukishinda, unamkatia wakili ekari moja. Ukishindwa, huna deni naye."

Maneno matamu, sivyo? Asiye na pesa atakataaje?

Hapa nikuvute kando kidogo, msomaji. Sheria ya Mawakili ya Kenya, Sura ya 16, kifungu cha 46, inayafuta makubaliano ya namna hiyo. Wakili haruhusiwi kununua sehemu ya kile mnachokipigania kortini, wala kukubaliana nawe kwamba atalipwa mkishinda tu. Wakili wa kweli analijua hilo. Anayekuahidi hivyo, ama haijui sheria, ama anaijua na hajali. Wote wawili si wa kubeba shamba lako.

Lakini Nyar Karungu hakuwa na wa kumvuta kando. Alitoa simu. Akaandika elfu kumi na tano, yaani karo ya mtoto wa pili. Akaanza kubonyeza namba ya siri.

Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Imebaki moja.

Simu ikalia.

"WAYA, USITUME!"

Alikuwa binti ya kaka yake, mwanafunzi wa chuo kikuu pale Rongo. Yeye humwita Waya, ndivyo Wajaluo wanavyomwita shangazi.

"Waya, nimesikia habari za shamba. Uko wapi?"

"Niko na watu wa wakili. Ndiyo natuma pesa."

"Usitume! Jina la wakili ni nani?"

Mama akamuuliza kijana. Kijana akalitaja jina bila kusita, mpaka la ukoo. Binti akakata simu.

Sasa tungoje naye. Chai inapoa. Kijana anatazama saa. Anasema wakili ana kesi nyingine, mama aharakishe. Mama amekodolea macho kioo cha simu.

Binti alikuwa anafanya nini huko Rongo? Jambo ambalo kila Mkenya mwenye simu anaweza kulifanya bure. Alifungua tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya, LSK, akaandika lile jina. Kila wakili aliyekubaliwa nchini ana namba yake, ile inayoanza na P.105. Na haitoshi kuwa alikubaliwa zamani. Lazima awe na cheti cha kufanya kazi kwa mwaka huu. Bila cheti hicho, hata awe na joho la hariri, hana ruhusa ya kukusimamia kortini.

Simu ikalia tena.

"Waya, nimelipata. Jina lipo. Cheti cha mwaka huu anacho."

Ah! Mama akashusha pumzi. Kijana akatabasamu. Kidole kikarudi kwenye namba ya siri.

Ungekuwa wewe ungetuma, sivyo? Jina si lipo?

"Lakini ngoja kwanza," binti akasema.

Unakumbuka Oktoba 2023? Nchi nzima ilizungumza juu ya kijana aliyedaiwa kutumia jina la wakili mwingine na kusimama nalo mbele ya mahakimu jijini Nairobi. Jina lilikuwa la kweli. Swali lilikuwa juu ya mtu aliyelivaa. Kisa hicho binti alikijua. Kwa hiyo hakuishia kwenye jina. Alitafuta namba ya ofisi ya wakili huyo, akapiga mwenyewe.

Akapokea mwanamume wa makamo, mpole, sauti nyembamba.

"Ndiye mimi," alisema. "Niko Nairobi. Sina kesi Homa Bay. Na sina kijana yeyote Homa Bay."

Binti alipomsimulia mama maneno hayo, damu ikamsimama. Akainua macho.

Kiti cha mbele yake kilikuwa kitupu.

Kikombe cha kijana kilikuwa bado kinafuka moshi. Faili la bluu halikuwepo. Na ndani ya faili lile, msomaji, kulikuwa na cheti cha ndoa na cheti cha kifo. Vile vyeti vyenyewe, si nakala.

Elfu kumi na tano zilipona. Lakini mjane bila cheti cha ndoa wala cheti cha kifo anasimama kortini na nini?

MATATU YA RONGO

Saa tano alikuwa ndani ya matatu ya Rongo. Kutoka Rongo ataunganisha, apite Awendo na Uriri, ateremke Migori. Binti alimngoja stendi ya Rongo, akaingia, akamshika mkono.

Mama hakusema kitu. Unajua alichokuwa anakiwaza? Alikuwa anaiwaza redio ya baba yake.

Alikuwa msichana mdogo wazee walipokuwa wakikusanyika kuisikiliza kesi ya S.M. Otieno. Wakili mashuhuri wa Nairobi, aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986 bila wosia wa maandishi. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukasema atazikwa kwao. Mjane akasimama na wakili John Khaminwa. Ukoo ukasimama na wakili Richard Kwach. Mwezi baada ya mwezi nchi ikasikiliza, mpaka Mei 1987, ukoo ukashinda na maiti ikazikwa Nyalgunga, Siaya.

Kwa hiyo mama alijua jambo moja tangu utotoni: mjane anaweza kuwa na wakili hodari na bado ashindwe na ukoo.

Angejua la pili, angelala usiku wa Alhamisi. Kesi ile ilihusu mazishi. Mali ya marehemu ina sheria yake, Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Asipokuwepo wosia, kifungu cha 66 kinamtaja mume au mke aliyebaki kuwa wa kwanza kufikiriwa kuisimamia mali. Shemeji yuko nyuma, mbali.

Basi shemeji alipitaje mbele?

Swali zuri. Jibu liko ndani ya faili, pale Migori, na tunakaribia kulifungua. Lakini kwanza, wakili.

MASWALI MATANO

Ndani ya matatu, mama na binti walifungua daftari la darasani. Kwa mwandiko ule mzuri wa mwalimu, mama akaandika maswali matano:

Umewahi kushika kesi kama hii? Nani hasa atasimama Jumanne, wewe au mwingine? Gharama yote ni kiasi gani, na utaniandikia? Nitapataje habari za kesi yangu? Kuna yeyote wa upande wa pili uliyewahi kumfanyia kazi?

La tano lilitoka kwa binti. Mama alitaka kuliacha. "Huku si ni kumshuku mtu?" Binti akasisitiza.

Likariri swali hilo la tano, msomaji. Nakuomba.

Ofisi ya kwanza mjini Migori ilikuwa ya fahari. Wakili hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Alisikiliza nusu ya maneno, akasema: "Hiyo umeshashinda, mama. Nakuhakikishia. Leta elfu themanini, risiti utachukua Jumatatu."

Mama alichoka. Elfu themanini hana, lakini lile neno nakuhakikishia lilimvuta. Nani asiyetaka kuhakikishiwa?

Ila alifundisha watoto wadogo maisha yake yote, na anamjua mtu asiyesikiliza. Akauliza swali la pili: nani atasimama Jumanne?

"Tutaangalia," wakili akasema.

Mama akashukuru, akainuka. Hukumu iko mikononi mwa hakimu, na wakili anayeiuza kabla ya kuifungua kesi anauza kitu ambacho si chake.

Ofisi ya pili ilikuwa juu ya duka, ngazi nyembamba, feni moja. Wakili alikuwa mwanamke, hajafika miaka arobaini. Cheti cha mwaka huu kilining'inia ukutani. Binti alikwisha kulitafuta jina kwenye simu, akapiga na namba ya ofisi. Simu iliyolia ilikuwa pale juu ya meza.

"Karibu, mama. Keti. Anza popote unapotaka."

Akasikiliza. Akaandika. Akauliza tarehe ya kifo, tarehe ya ndoa, majina ya watoto, nani alilipa pesa za shamba. Mama alipofika kwenye faili la bluu, sauti ikamkatika.

"Usilie, mama. Andika taarifa polisi, na vyeti hivyo hutolewa vingine. Tena, shemeji yako alipofungua kesi ilimbidi aambatanishe uthibitisho wa kifo. Kwa hiyo kile tunachokitafuta amekwisha kutuwekea kortini."

Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, mama alicheka.

Kisha wakili akasema yale ambayo wengi hawasemi. Hatoi ahadi ya ushindi. Kabla ya korti kuthibitisha, mama ana nafasi ya kupinga kwa hati ya kiapo. Anaweza pia kuomba hati ya usimamizi ifutwe chini ya kifungu cha 76, ikionekana ilipatikana kwa udanganyifu au kwa kuificha korti jambo muhimu. Na tena, msimamizi haruhusiwi kuuza ardhi kabla ya kuthibitishwa. Yule wa viatu safi amelipa nini basi?

"Pesa je?" mama akauliza.

Wakili akavuta karatasi. Ada yake mstari wa kwanza, ada za korti mstari wa pili, nauli na nakala mstari wa tatu. Italipwa kwa awamu, risiti kila mara. "Viwango vimewekwa na sheria, mama. Siruhusiwi kutoza chini ya hapo, na ukiona nimetoza kupita kiasi, unaweza kwenda kunishtaki kwenye Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Na ukiona hutaweza kabisa, niambie leo, nikuelekeze kwa mawakili wanawake wa FIDA Kisumu au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria."

Niambie wewe, ni mawakili wangapi wamewahi kukupa anwani ya kuwashtakia?

Maswali manne yalijibiwa, yakapigwa alama ya vema kwenye daftari. Likabaki la tano.

"Umewahi kumfanyia kazi shemeji yangu, au yule mnunuzi?"

Wakili akayauliza majina yao kamili. Akatafuta kwenye kompyuta. Akatafuta kwenye daftari kubwa la ofisi. "Hapana, mama. Siwajui."

Wakaridhika wote. Zikabaki sahihi tu.

"Bado," wakili akasema. "Usitie sahihi kabla hatujaliona faili. Twende kortini."

FAILI

Alasiri ya Ijumaa. Karani wa masjala alikuwa anapanga kufunga. Wakili akalipia ada ya kusoma faili. Karani akaingia ndani. Akakaa. Akakaa zaidi.

Akatoka nalo.

Ukurasa wa kwanza, ombi la shemeji. Ukurasa wa pili, cheti cha kifo, nakala, kama wakili alivyosema. Wa tatu, barua ya chifu. Jina la mjane lilikuwemo, na majina ya watoto wote watatu.

Mama akashangaa. Mbona hajafichwa?

Kwa sababu hakuhitaji kufichwa. Wakili alifungua ukurasa uliofuata na kidole chake kikasimama.

Ilikuwa fomu ya kukubali. Mimi, mjane wa marehemu, nimeiachia nafasi yangu, nimeridhika shemeji yangu asimamie mali yote. Chini yake, jina kamili la Nyar Karungu. Kando ya jina, alama ya dole gumba kwa wino wa zambarau.

"Dole gumba?" Mama alipandisha sauti mpaka karani akageuka. "Mimi ni mwalimu! Naandika! Tangu nipate kitambulisho, sijawahi kuweka dole gumba kwenye karatasi ya mtu yeyote!"

Binti akaliinua lile daftari la darasani, kurasa mia za mwandiko wa shangazi yake. Unaona sasa kwa nini nilikwambia ulishike akilini?

"Tumempata," binti akanong'ona. "Wakili, si tumempata?"

Wakili hakujibu.

Alikuwa ameinama juu ya ukurasa wa mwisho, ile hati ya kiapo inayosema kwamba mjane alifika mwenyewe, akasomewa maneno, akayaelewa, akaapa. Hati ya kiapo haiwi hati mpaka kamishna wa viapo aigonge muhuri wake. Na mawakili ndio wengi wa makamishna hao.

Muhuri ulikuwepo. Wa mviringo, wazi, herufi zote zinasomeka.

"Wakili?" mama akaita.

Rangi ilikuwa imemtoka wakili usoni. Akaligeuza faili taratibu, wote wawili waone.

Jina lililokuwa ndani ya muhuri lilikuwa lake yeye mwenyewe.

Itaendelea Jumamosi ijayo. Je, muhuri uliibwa, ulighushiwa, au siku moja yenye kazi nyingi aliugonga bila kumtazama aliyesimama mbele yake? Anayeweza kuitwa kesho kuwa shahidi, anawezaje kuwa wakili wa kesi hiyohiyo? Na Nyar Karungu, amebakiwa na Jumatatu moja. Amwamini, au aanze upya kutafuta?

Wewe nawe usiketi tu kungoja. Wikendi hii fungua sanduku lako, hakikisha hati zimo. Toa nakala, na vyeti vyenyewe usimwachie mtu yeyote. Na kabla hujamlipa wakili shilingi moja, litafute jina lake LSK, ipigie ofisi yake mwenyewe, kisha umuulize lile swali la tano.